Moduli Niliyoizima

Beldina pokea simu!! Nimekupigia mara sita. Mume wako naye hapokei.

Si unamkumbuka Norman, yule fundi wa kompyuta aliyefukuzwa hapa ofisini Jinja? Kuna kitu aliacha kwenye seva yetu. Kila siku saa nne asubuhi seva inamtumia orodha ya malori, madereva, mizigo na njia. Yenyewe, bila mtu kuigusa.

Bosi Apollo aligundua wiki jana. Akaniambia, "Awuor, zima hiyo kitu." Nikaingia nikazima ile moduli inayopanga kazi za kila siku. Ikapotea kwenye menyu nikiiona kwa macho yangu. Nikamwambia, "Imekufa, bwana." Nilisema imekufa!! Kwa mdomo wangu huu!

Haikufa. Leo nimeiwasha tena nitazame tu, nikakuta kazi ya Norman iko palepale, haijakosa hata siku moja. Kumbe kuzima moduli ni kuficha ukurasa tu, kazi zenyewe zinaendelea. Siku tano inatuma, mimi niko hapa nakunywa chai.

Na lile lori letu lililovamiwa Jumanne? Dereva alisema wale watu walimwita kwa jina. Kwa jina, Beldina. Tukamwambia ni woga.

Nimeifuta sasa hivi. Lakini ni saa sita, na orodha ya leo ilishatoka saa nne.

Nimeifungua. Ina lori moja tu, la kuja huko Mbale.

Dereva ni Tyson, mume wako.