Sikio Langu Kifuani pa Mtoto wa Kinyala

Mwalimu wangu Ambakisye,

Tangu tukuzike Masukulu mvua haijakatika, na migomba yako imeinamia njiani. Lakini si hayo yaliyonikalisha kuandika. Jana ungekuwepo, ungetamba Tukuyu nzima!

Aliletwa mtoto wa siku mbili kutoka Kinyala. Kila akionjeshwa maziwa anapaliwa, midomo inageuka bluu. Mrija wake wa chakula haukufika tumboni. Daktari bingwa, mgeni wetu, ilibidi afungue kifua, nami nimpe mtoto dawa ya usingizi na kumpumulisha kwa mkono.

Siku hizi za biashara huria vitu vimejaa. Sabuni tele madukani, na sisi tuna mashine mpya inayohesabu mapigo na kulia ti, ti, ti. Wewe ulikuwa na stetoskopu moja, na plasta uliyoikata vipande vyembamba kama unagawa nyama ya sikukuu. Jana niliibandika stetoskopu hiyo uliyoniachia kifuani pa mtoto, mpira wake sikioni mwangu. Wenzangu wakacheka.

Unakumbuka ulivyonifundisha? Ulinipakatisha kitoto cha mbuzi uani kwenu, stetoskopu kifuani pake, ukanifunga macho kwa kanga ya mama, kisha ukaanza kupiga sufuria. "Gwe Atupele, achana na sufuria, msikilize mtoto!" Majirani walidhani umechanganyikiwa. Mimi nilikununia wiki nzima.

Basi jana, daktari aliposogeza pafu, mapigo yakaanza kuzembea sikioni. Mashine bado inaimba vizuri tu. Niliogopa, Mwalimu. Mimi nani nimkatize bingwa? Nikasema, "Daktari, toa mkono." Akaitazama mashine, akanitazama mimi. Nikarudia, safari hii kwa sauti yako kabisa. Akatoa. Ndipo mashine ikaanza kupiga kelele, wakati sikioni mwangu mapigo yalishaanza kurudi.

Leo mtoto ana rangi, analia kwa nguvu. Mama yake amenishika mikono, "Ndaga fijo, ndaga fijo," nami nikatamani shukrani hizo azipeleke Masukulu. Nimelia, sikufichi.

Jumatatu napokea mwanafunzi wangu wa kwanza, kijana wa Mpuguso anayezijua mashine zote. Nakuahidi atafunzwa kama nilivyofunzwa. Pumzika sasa, Mwalimu wangu. Mbuzi nimeshamnunua.

Mwanafunzi wako,
Atupele