Bibi Jamna Achota Maji Mwenyewe

Darsait, Maskati

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje tangu mvua zianze? Na baba, kifua kimetulia? Mimi ni mzima, Alhamdulillahi, na leo nina furaha mpaka kalamu inanikimbia.

Unamkumbuka Bibi Jamna, yule Mhindi ninayemtunza, mzaliwa wa Unguja anayenishinda Kiswahili. Tangu avunjike nyonga, miezi minane, ilikuwa kiti cha magurudumu na kunyamaza. Mwanawe akaamua kumpeleka India kwa dada yake akatunzwe huko, na mimi nihamie nyumba nyingine nisiyoijua. Basi kila asubuhi, mwanawe akishaondoka kwenda kazini, tulikuwa tukijifunza kutembea ukumbini, Bibi ameshika ukuta. Siku nyingine alilia yeye. Siku nyingine nililia mimi.

Jumatatu mwanawe akatupeleka Maskati ya kale, kwenye hekalu lao la zamani lenye chemchemi, ili Bibi akaage. Wanasema maji yale hayajapata kukauka, ingawa kuzunguka pote ni majabali yanayochoma na bahari ya chumvi. Wenyewe huyachota wakayamwaga juu ya jiwe lao la ibada. Bibi alifanya hivyo kila Jumatatu tangu alipoolewa mpaka alipovunjika.

Mwanawe akachukua kikopo cha shaba amchotee. Bibi akakishika.

"Nnyanyue, Mwanaidi," akaniambia.

"Mama, utaanguka," mwanawe akasema.

Nikamnyanyua. Usihofu, mama, sikusali. Nilimshika mkono tu. Hatua tatu za kwanza alining'ang'ania, kisha akaniachia. Akina mama waliobeba maua wakasogea kando. Akafika kwenye chemchemi, akainama taratibu, akachota, nusu ya maji akajimwagia nguoni, akacheka kama msichana.

Akamgeukia mwanawe. "Maji nnachota mwenyewe. India nikafanye nini?"

Mwanawe akafuta macho kwa mkono wa shati. Tulipoingia garini akaniambia safari imekufa, nibaki na mama yake. Tena Idi nije kwetu mwezi mzima.

Nisalimie dada na mapacha wake, shangazi mshonaji, na mjomba wa Korogwe akipita. Bibi naye anakusalimu. Ninavyoandika hapa nasikia kandambili zake jikoni. Amekataa nisimame, anatupikia chai.

Mwanao akupendaye,
Mwanaidi