Figo Uliyonipa, Mama

Shikamoo Mama,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata Shangazi ninayekaa naye hapa Dar. Tangu mwezi wa pili nimekuwa nikitupa chooni dawa za figo.

Nimeanza na hilo kabla hata ya kukujulia hali, nisije nikalikwepa tena. Mgongo unaendeleaje? Bado unabeba mwenyewe magunia ya mchele pale sokoni Tunduma?

Dawa zile zilinivimbisha mashavu, zikaniotesha vinyweleo juu ya mdomo. Nikiingia darasani wenzangu wananiamkia, "Shikamoo babu!" Nami nacheka nao. Asubuhi Shangazi akiuliza kutoka jikoni, "Umeshameza?" naitikia, "Nimemeza, Shangazi," na vidonge viko kiganjani. Nilikuwa nameza siku tatu tu kabla ya kliniki, ili damu ikipimwa ionekane ina dawa. Daktari akanisifu. Nikakupigia simu kukwambia nimesifiwa, ukapiga vigelegele.

Safari iliyopita walichukua na damu nyingine, ikapelekwa nje ya nchi. Jumatatu majibu yalikuja. Daktari akawaeleza wanafunzi wake kwa Kiingereza, akidhani sitaelewa, kwamba kinga ya mwili wangu imeitambua figo kuwa ni ya mtu mwingine na imeanza kuishambulia. Mtu mwingine, Mama! Ni wewe huyo. Nilielewa kila neno, nikawa natazama viatu vyangu.

Kisha akanigeukia kwa Kiswahili. "Binti, kile kipimo cha dawa kinanionyesha siku hizi chache tu. Hiki kinanionyesha miezi. Uliacha lini?"

Nikainama kufunga kamba za viatu.

"Mama yako anajua?"

Nikasema unajua.

Wiki ijayo nalazwa, nichomwe sindano za kuituliza hiyo kinga. Hakuniahidi kwamba figo itapona. Miaka tisa umeishi na moja ili mimi nipate hii, halafu mimi nikaonea aibu mashavu. Sikuombi unisamehe kwenye simu. Naomba uje. Ukinigombeza nitatulia nisikilize.

Nisalimie Baba Mdogo na wenzake wanaopakia malori mpakani. Bibi kule Itumba msalimie tu, haya mengine nitamweleza mwenyewe.

Viatu vya Shangazi vinakuja kwenye korido. Tangu juzi, kila akikaribia, nimekuwa nikiifunika barua hii kwa daftari la Baiolojia. Sasa nimeiacha wazi mezani, na nimemvutia kiti akae asome.

Mwanao aliyekukosea,
Neema