Picha Niliyopigwa Magofuni Lindos

Maplewood, Minnesota

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Presha imeshuka? Na goti, bado lakusumbua ukiinuka kwenye msala? Mimi mwili mzima, roho ndiyo haina raha, maana tangu uione ile picha hupokei simu zangu. Ndiyo nikaamua kuandika. Dada Zaituni atakusomea.

Najua kinachokuchoma. Arubaini ya Baba sikuja, nikakwambia kazini wamekataa kunipa ruhusa. Haukupita muda, mwanao huyo kwenye magofu ya Ugiriki, meno nje! Wallahi, Mama, ni kazi hiyohiyo iliyonipeleka. Bibi Eleni, bikizee ninayemuuguza, alitaka kukiona kisiwa chao cha Rodosi kabla hajafa, na wanawe wakanichukua nimsukume kwenye kiti cha magurudumu. Bintiye ndiye aliyepiga picha akaniambia nicheke.

Vya kuona vipo, sikufichi. Lindos kuna hekalu la kale juu ya jabali, na watu hupandishwa kwa punda waliovishwa shanga. Wa kwetu Lamu wangewaonea wivu. Kamiros ni mji mzima uliobaki kuta za kimo cha magoti, ukitembea humo utadhani uko kwenye magofu yetu ya Takwa. Wanawe walitukimbiza gofu hadi gofu. Bibi Eleni hakutazama hata nguzo moja, kila saa aliuliza, "Nyumbani tunakwenda lini?" Nao humjibu, "Kesho, Mama."

Siku ya mwisho ndipo wakampeleka kijijini. Nyumba ya mamake paa limeanguka, mtini umeota jikoni. Hapo hapana tiketi wala mlinzi. Sasa mimi, niliyelelewa nawe, niingie kwa watu kimya kimya? Nilijisahau nikapaza sauti, "Hodi!"

Wanawe wakaangua kicheko. Bibi Eleni akanishika mkono. "Umesema nini?"

Nikamweleza kuwa naomba kuingia, na mwenye nyumba huitikia karibu.

"Basi tungoje," akasema. "Mama masikio yake yalikuwa mazito."

Tukangoja, Mama. Tulingoja mpaka wanawe wakaacha kucheka.

Tangu turudi sina usingizi. Nilimwendea msimamizi wangu, Mkenya mwenzetu, nikamwambia, "Nipe leave niende kwa mamangu, ama naacha kazi." Akanijibu, "Usi-panic, Mwanaisha, tuta-arrange." Maneno hayo aliniambia pia Baba alipofariki, kwa hiyo sikuahidi siku, nisije nikaonekana nakudanganya tena.

Nisalimie Mjomba Shee aliyesimamia maziko ya Baba, na wifi yangu Rukia, Mungu amlipe kwa kukupikia. Watoto wa Zaituni wabusu wote.

Hasira zako sizikatai, Mama, ni haki yako. Ila Ijumaa baada ya sala nitapiga. Pokea. Ukitaka unitukane, nitukane mpaka uchoke, mradi nisikie sauti yako ungali hai.

Mwanao,
Mwanaisha