Nguzo ya Nne

Ijumaa, saa tano asubuhi

Dada yangu mpendwa,

Wifi yako amesema leo, saa nne kasoro robo asubuhi, akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda na viatu tayari miguuni, kwamba basi lako la shule lisivuke daraja la mto Jumatatu, liwe na watoto au liwe tupu. Nimeliweka hilo mbele ya salamu kwa sababu barua inaweza kulowa, kuchanika au kusomwa nusu, na nusu utakayoisoma nataka iwe hii.

Sasa nakuamkia: shikamoo. Natumaini itakukuta mzima, mgongo umetulia, na mama bado anawagombeza nyote kwa sauti ileile. Mwambie miwani yake imepatikana. Ilikuwa kwenye begi letu tangu mwanzo, kwa hiyo aache kumshuku jirani. Sisi ni wazima wa mwili.

Jana jioni ulipopokea simu yangu ulicheka. Ulisema likizo imetupanda kichwani, na kwamba hata ukiniamini wewe, mwalimu mkuu hasikii la simu, anasikia la karatasi. Kisha ukaacha kucheka, ukasema niandike yote bila kukuficha, maana nilikuwa namung'unya maneno kama mtoto mwenye pipi ya wizi. Ulikuwa umenikamata. Karatasi ndiyo hii.

Unajua kwamba wifi yako alipewa mwaka mzima wa mapumziko baada ya miaka kumi na tisa ya kukagua madaraja. Wiki tatu za mwisho tulizitenga tutembee, tutazame vitu, tupige picha kama watu wengine. Nami nikaomba ruhusa gazetini. Tulipanga mnara wa zamani, makumbusho, pango na maporomoko ya maji. Nyundo hatukuipanga. Nilizungumza nawe habari zake zamani: ni ile ndogo ya kazi, anayogongea zege na kusikiliza. Zege zima hulia kama jiwe. Lenye uwazi ndani hulia kama debe. Niliikuta siku ya pili ndani ya mkoba wake, imeviringishwa kwenye soksi yangu.

Mnara una ngazi mia mbili na kumi na nne. Kila palipo na kituo cha kupumzikia aligonga ukuta, akatega sikio, akagonga tena, na nyuma yetu watu kumi na wawili wamekwama, mmoja akiuliza kwa sauti kama mama huyu anapanda au anabisha hodi. Mwongozaji alimwambia asiwe na wasiwasi, mnara umewazika mafundi wote walioujenga. Wifi yako akajibu kwamba ndiyo maana anauliza hali yake, kwa kuwa hauna tena wa kuusemea.

Makumbusho walimnyang'anya nyundo mlangoni, wakampa kibati namba kumi na saba na kuiweka kwenye pipa la miavuli. Mlinzi alitaka kujua ni ya nini. Akasema ni ya kusikilizia. Mlinzi akaniangalia mimi, kwa huruma, akaniuliza tumeoana miaka mingapi. Pangoni aliuliza nani hukagua dari. Mwongozaji akasema, Mwenyezi Mungu, mama. Wifi yako akasema amina, akatoka nje.

Nilicheka, dada. Mambo haya nilikuwa nayaweka akiba kwa ajili yako.

Kicheko kiliisha Jumatatu iliyopita, kwenye maporomoko. Pale pana daraja la waya la kupita kwa miguu, refu mita sitini hivi. Mbele yetu walikuwepo maharusi wawili wakiruka-ruka katikati ili picha ionekane inatikisika. Wifi yako aliwapigia kelele warudi, mmoja mmoja, polepole. Bwana harusi akamjibu kutoka kule kule, atulie mama yetu, vitu hivi vina wataalamu wanaovikagua. Hapo wifi yako alikaa chini, kwenye njia, juu ya majani yaliyolowa. Nimeripoti mafuriko mawili, moto wa ghala, na jengo la ghorofa tatu lililolala chini na wapangaji ndani. Mtu aliyeshtuka namjua: hukaa chini, kisha huinuka. Yeye hakuinuka mpaka nilipomshika mkono. Nilimuuliza. Akasema ni kizunguzungu. Niliandika kizunguzungu kwenye daftari langu, na pembeni nikaweka alama ya kuuliza.

Kuanzia siku hiyo kila tulipofika darajani, hata la kimto cha kurukwa na mbuzi, alishuka kwenye teksi akavuka kwa miguu, nami akanitaka nishuke. Dereva mmoja aliniita pembeni akaniuliza nimemkosea nini. Nikamwambia sijui. Lilikuwa jibu la kweli, na ndilo lililoanza kunitisha.

Jana baada ya chakula cha mchana tuliketi kuchagua picha za kumpelekea mama. Kamera ni ileile ya mwaka jana. Wifi yako alizirudisha nyuma mno, akafika kwenye picha ya kwanza kabisa, niliyompiga siku yake ya mwisho kazini kabla ya mapumziko. Amevaa koti la kazi la rangi ya chungwa, maji yanamfika magotini, anatabasamu mbele ya nguzo ya nne ya daraja letu la mto. Akaikuza. Akaikuza tena. Nyuma ya bega lake la kushoto pana mstari mweusi unaopanda kutoka majini kwa mshazari, kisha unapinda. Nilisema huenda ni unyevu. Alisema unyevu haukati kona. Aliendelea kuikuza na kuirudisha kwa dakika ishirini na tano. Nilizihesabu kwa kuwa sikuwa na kazi nyingine ya kufanya.

Saa kumi alimpigia mkubwa wake wa kazi. Nilikuwa karibu, nikasikia pande zote mbili. Mkubwa alisema daraja halifungwi kwa picha ya likizo. Alisema kitabu cha ukaguzi kinaonyesha nguzo nne, zote nne nzima, na saini chini ni yake wifi yako, na ukaguzi wa mwaka huu ulikuwa unamngoja yeye mwenyewe. Alimuuliza aamini kipi, saini yake au picha yake. Wifi yako alimwambia aamini picha. Mkubwa akasema basi Jumatatu saa mbili aje aikague, na kabla ya hapo hana sababu ya kuweka kizuizi.

Leo asubuhi ndipo aliponieleza. Nguzo ya kwanza, ya pili na ya tatu alizigonga na kuzisikiliza siku ile ya picha. Ya nne hakuigonga. Alinakili matokeo ya mwaka uliotangulia, akatia saini, akapanda juu. Mwaka mzima alijiambia kwamba zikiwa nzima tatu, ya nne itakuwa imekosa nini. Alikuwa anagonga minara ya watu kwa sababu kuna mahali hakugonga. Alipomsikia yule bwana harusi, alisema, alitamani kumwambia kwamba mtaalamu mwenyewe ndiye huyu, na amekaa chini.

Ili nisimwonee mtu: hajasema daraja litaanguka. Huenda ni ufa wa juu juu. Amesema hajui, na kwamba miaka kumi na tisa alilipwa ili ajue. Tangu picha ile zimepita mvua za misimu miwili. Nakuomba pia usinijibu kwa ile methali ya ufa na ukuta. Yule mlinzi wa makumbusho alikwisha kumpa, bure.

Sasa la kufanya. Pita daraja dogo la upande wa juu wa mto, la kiwanda cha matofali. Hilo alilikagua mwezi uleule wa picha na kuligonga lote, nimemuuliza mara tatu na mara tatu amesema lote. Litakuongezea dakika thelathini na tano, kwa hiyo mtoto wa kwanza umchukue saa kumi na mbili kasoro dakika kumi. Wazazi watanung'unika. Waache wanung'unike watoto wao thelathini na wawili wakiwa shuleni, na mpwa wangu akiwa kwenye kiti chake nyuma yako, akikusumbua umruhusu abonyeze kitufe cha mlango.

Tungekuja wenyewe leo. Nimekwenda stendi mara mbili: shule zinafunguliwa na hakuna hata kiti kimoja mpaka Jumapili. Basi la leo linaondoka saa saba mchana na kufika kwenu kesho saa moja asubuhi. Dereva wake anasema mliwahi kufanya kazi pamoja na kwamba bado unamdai samahani. Ameahidi kuitia barua mkononi mwako, si mkononi mwa mtu mwingine.

Limebaki moja, na ndilo nililokuwa nalimung'unya kwenye simu.

Siku ile ya picha nilikuwa na miadi ya saa tisa, uzinduzi wa maegesho mapya ya soko. Nilimpiga picha, nikapanda juu, nikaingia garini na kuwasha injini. Aliniambia kutoka chini kwamba imebaki nguzo moja, nimpe dakika kumi na tano. Nilipiga honi. Akanyanyua mkono kuniomba subira. Nikapiga ya pili. Ya tatu niliishikilia, mpaka watu wakageuka. Nikamwona anafunga kitabu.

Wewe ndiye uliyenifundisha kuendesha. Siku ya kwanza uliniambia honi ni ya kumwonya mtu, si ya kumharakisha.

Habari ya maegesho ilitoka ukurasa wa kumi na moja, aya tatu, bila jina langu. Tangu jana wifi yako hajaitaja honi. Amesema tu kwamba siku ile kulikuwa na haraka. Hakusema haraka ya nani. Nimengoja aseme, na kila asiposema nashindwa kumtazama. Ninaogopa, dada. Nimeliandika neno hilo miaka mingi, lakini daima nililitanguliza jina la mtu mwingine.

Mwonyeshe mwalimu mkuu barua yote, na sehemu hii usiifunike. Nakala nampelekea mhariri wangu leo hii. Atauliza chanzo cha habari ni nani na kama kinaaminika. La kwanza nimemjibu.

Msalimie mama, lakini la daraja usimwambie mpaka tufike. Mwambie la miwani. Msalimie mpwa wangu, mwambie mjomba wake anasema aamke mapema Jumatatu bila kulia. Wifi yako anakusalimu. Alitaka kuongeza mstari wake hapa, akashika kalamu, akanirudishia.

Jumatatu basi lako huwa darajani saa kumi na mbili na dakika arobaini. Sisi tutashuka stendi saa moja, dakika ishirini baadaye, ndiyo maana nimeandika. Saa mbili atashuka na nyundo mpaka nguzo ya nne. Kamba atakayojifunga nitaishika mimi, nikiwa nimesimama majini. Funguo za gari atakuwa nazo yeye.

Ni mimi,
mdogo wako