Mizani ya Atu na Mkono Wangu

Jumamosi, 7 Juni

Nimefagia kiwanja kabla watu hawajafika. Baridi ya kukata masikio. Malori yamepanga foleni mpaka kule juu, madereva wamejifunika mablanketi wanasubiri kuvuka mpaka. Wawili wameshuka wakanisaidia kubeba mbao za meza. Nimewapa viazi vya moto.

Soko limejaa. Maharage yetu kutoka Itaka, Baba Atu bado yuko kule anavuna. Viazi na ndizi za Ileje. Mchele na chumvi ya Ivuna kwa Mama Minza, Msukuma mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Namshukuru Mungu. Na mimi mwenyekiti wa soko najishukuru kidogo.

Mwanangu Atu kakaa na mizani pale kwenye lango. Kofia ya sufu niliyomfumia imempendeza. Kila kinachouzwa kinapita kwake kinapimwa, halafu mwenye mali anakichukua kwenda kumfungashia mteja wake. Hakuna lumbesa ya gunia kujazwa kupita mdomo, hakuna debe la kujaza mpaka limwagike, hakuna kushikana mashati. Ndiyo masharti ya halmashauri, maana kiwanja ni chao. Wametupa siku za Jumamosi tu. Mizani, usafi, na wauzaji wawe wakulima wenyewe. Zamani palikuwa pa kutupia matairi yaliyopasuka, hata mbuzi hapiti. Aliyeingia ofisini kupaomba ni Atu. Mimi nilibaki nje nimemshikia pochi. Nimeishia la saba, lakini niliyemzaa ana stashahada ya kilimo, na nitalisema hilo mpaka nizikwe.

Bana Mutale, yaani Mama Mutale kwa lugha yao, kavuka kutoka Nakonde kama kawaida yake. Kanunua maharage, kasimama. "Mayo, mbasela." Mayo ni mama, na mbasela ndivyo Wazambia wanavyoiita nyongeza. Nikamwekea. Huyo usipompa, Jumamosi ijayo unamkuta amesimama palepale.

Jumapili, 8 Juni

Kanisani mama mchungaji kaniuliza habari za soko. Nimemjibu kwa sauti, ili na waliokuwa nyuma yake wasipate shida ya kusikia. Nimesema mwanangu ndiye mpimaji, na toka aanze hakuna mkulima aliyelia. Atu akanifinya. Nikaendelea.

Nje mtu kaninong'oneza kwamba kuna watu wanakitaka kile kiwanja kiwe maegesho ya malori. Sikupenda. Nimekula wali wa mchana bila kuusikia.

Jumatano, 11 Juni

Ni kweli. Atu kaitwa ofisini. Afisa mmoja, kijana mwenye miwani, kamwambia Jumamosi atakuja kuangalia kama soko linamnufaisha mkulima na kama masharti yanafuatwa. Likifaulu tunabaki. Likishindwa, malori yanaingia.

Nimemwambia Atu, huyo afisa aje hata kesho. Aje na mkewe. Tuna nini cha kuficha?

Tumepaka chokaa mawe yote ya pembeni. Mgongo unauma. Pamependeza kama shule.

Jumamosi, 14 Juni

Sijui nianzie wapi. Nina hasira.

Afisa kaja na mizani yake mwenyewe. Hakusimama kwa Atu. Kasimama kule watu wanakotokea wakishanunua, anawaomba wateja mizigo yao anapima upya, analinganisha na alichoandika Atu. Nikaona sura yake inabadilika. Mzigo wa kwanza umezidi. Wa pili umezidi. Mchele umezidi, maharage yamezidi, ulezi umezidi. Hakuna hata mmoja uliokuwa sawa na alichopima Atu.

Akaita watu. Akasema mbele ya wote kwamba mizani yetu inasoma pungufu. Mkulima anatoa mali nyingi analipwa kidogo. Anapunjwa. Wizi wa siku zote, kasema, ule ule wa walanguzi wanaozunguka vijijini na mizani mbovu, safari hii umehamia kwa wenyewe kwa wenyewe.

Atu kasimama. Kasema, "Nimepima sawa." Basi.

Na Mama Minza, niliyemkopesha meza yangu! Kapaza sauti yake ile: "Ndiyo maana mchele wangu unaisha kama umemwagika!" Wengine wakaitikia. Watu tuliokula nao.

Nimempigia kelele afisa. Nimemwambia huyu nimemzaa mimi, hajawahi hata kuiba sukari ya kulamba. Kaniita "mama" kwa upole, na upole wake ndio ulioniudhi zaidi. Kasema atarudi Jumamosi ijayo. Kama hatuna maelezo, kiwanja kinarudi kwao.

Mizani tumeirudisha nyumbani. Atu kaibeba peke yake, hakutaka nishike.

Jumapili, 15 Juni

Kanisani nimekaa nyuma. Haijawahi kutokea.

Jumatatu, 16 Juni

Atu kapima pakiti ya sukari, ile ya kiwandani ambayo haijafunguliwa. Kilo. Kapima pakiti ya chumvi. Kilo. Kaenda duka la jirani kaomba mizani ya kwao, zikalingana. Mizani yetu haina ugonjwa.

Nikaruka kwa furaha. Yeye hakuruka. Kasema kama mizani ni nzima, basi watasema ni macho yake. Au mkono wake. Kasema wachague mpimaji mwingine, yeye atakwenda kwa shangazi yake Mbeya kutafuta kazi. Begi kalishusha kutoka juu ya kabati.

Nimeumia. Sitaki aende. Naandika hivi hivi, sitaki. Siyo kwa ajili ya soko. Nimezoea kumsikia asubuhi anatafuta soksi zake na kunilaumu mimi.

Jumanne, 17 Juni

Hajala. Nimepika ndizi na nyama. Hajala hata ndizi na nyama.

Jumatano, 18 Juni

Leo! Ngoja niandike taratibu nisiruke kitu.

Bana Mutale kaja mpaka nyumbani. Kasikia Jumamosi soko huenda lisiwepo, anataka maharage ya wiki nzima. Atu hakutaka kuigusa mizani. Nikambembeleza. Kapima, kaandika, kaniachia nimfungashie mgeni.

Mimi na Bana Mutale tukawa tunapiga soga. Mjukuu wake kaota jino. Namimina maharage kwenye mfuko wake, tunacheka. Ghafla Atu:

"Mama, umefanya nini hapo?"

"Nimefanya nini? Namfungashia mtu."

"Mkono wako, mama. Umechota kwenye gunia."

"Aa, hiyo nyongeza."

"Kwa hiyo umemzidishia."

"Sijamzidishia chochote. Nimempa nyongeza tu."

Atu kanitazama kama mtu aliyeona nyoka, halafu kama mtu aliyeona kwamba nyoka ni kamba. Kaunyang'anya mfuko. Kaupima. Umezidi. Tena umezidi sana, maana nilichota mara ya pili pale jino la mjukuu lilipotajwa.

Bana Mutale kacheka mpaka kashika mlango. "Mayo, ni wewe mwizi! Unajiibia mwenyewe!"

Nami nimecheka, lakini nimelifunga gunia. Jumamosi nzima ile nilisimama namtukana afisa, na mkono wangu ulikuwa umeshachota kwa kila mteja wangu. Sikukumbuka hata kidogo. Nani anakumbuka nyongeza? Mali ni ile iliyopimwa. Nyongeza ni salamu.

Atu kala. Kala mara mbili.

Alhamisi, 19 Juni

Tumezunguka kwa wauzaji wa hapa mjini, wa mbali tumewapigia simu. Swali moja: baada ya kupima, uliongeza kitu? Wote wamekana. Wengine wamechukia kabisa.

Mama Minza simu nilitaka nisimpigie. Atu kanilazimisha.

"Mimi niongeze mchele? Nina wazimu?"

"Na nyongeza je?"

"Nyongeza nimempa kila mtu! Unanionaje, Mama Atu? Mimi mchoyo?"

Halafu nikamsikia anapumua. Halafu, "Yesu wangu." Halafu kaomba nimpe Atu simu. Sijui kamwambia nini, Atu kaenda kuongelea uani. Karudi macho mekundu, anatabasamu. Kasema Mama Minza anakuja Jumamosi na samli ya ng'ombe wake.

Mimi bado nimemnunia. Lakini samli yake ni nzuri.

Ijumaa, 20 Juni

Nina wasiwasi. Afisa ni mtu wa kusoma, ataamini hadithi ya viganja? Atasema tumekaa tukaitunga. Atu anasema hatutamwambia. Tutafanya, yeye aangalie. Begi bado liko chini, kando ya kitanda chake. Nimelipita mara nyingi leo bila sababu.

Jumamosi, 21 Juni

Kaja. Watu wengi kuliko siku zote, hata madereva wamesogea na vikombe vyao vya chai.

Atu hakutoa hotuba. Kamwomba afisa aweke mizani yake kando ya yetu. Kapima mchele wa Mama Minza kwetu, kapima kwake. Zimelingana. Kamwambia Mama Minza, mfungashie mteja kama siku zote. Mteja alikuwa dereva mmoja, kajitolea.

Sasa Mama Minza mbele ya watu kawa mgumu kama gogo! Kamimina, kafunga, kasimama. Mkono haujaenda popote. Afisa kapima, sawasawa. Kanitazama. Moyo wangu ukashuka mpaka kwenye kandambili.

Kumbe yule dereva hajaondoka. Kasimama palepale na mfuko wake. Kasema kwa kunung'unika, "Sasa mama, ndiyo hivyo tu? Nasafiri mbali mimi." Na Mama Minza, bila kujijua, kafungua mfuko, kachota kwa mikono miwili, kamwekea. "Haya, mwanangu, ukapike njiani."

Soko zima likalipuka. Mama Minza kabaki na mikono hewani, unga wa mchele kwenye vidole.

Afisa hakucheka. Kaupima mfuko. Kavua miwani, kaifuta, kauliza kwa nini wiki iliyopita hakuna aliyemwambia. Bana Mutale kamjibu kutoka nyuma, "Bwana, uliuliza kuhusu biashara." Hapo ndipo alipocheka. Ana mwanya. Kumbe ni mtoto wa watu tu.

Kasema atakayoyapeleka kwa wakubwa wake ni haya: mizani ni nzima, mpimaji hana kosa. Kasema hilo la pili kwa sauti, kamgeukia Atu, kamwomba radhi mbele ya watu walewale. Hapo nimempenda. Tutabaki msimu huu, na baada ya mvua watakaa tena kuangalia. Ila mzigo ufungwe palepale kwenye mizani, na nyongeza iwe kwenye mfuko wake, itolewe baadaye, ijulikane. Tumekubali. Mama Minza kauliza mfuko wa nyongeza uwe mkubwa kiasi gani.

Kazi ilipokwisha afisa kaja mezani kwangu kununua maharage. Atu kampimia, kafunga. Kalipa. Hakuondoka. Katazama malori. Katazama anga. Mkononi kumbe ana mfuko mwingine mdogo, kaufungua mdomo, kaushikilia hapo kama hajui upo.

Nimemwacha asubiri kidogo. Nimefunga kilemba changu upya, vizuri. Halafu nikamwekea kiganja kimoja, kama ninavyompa kila mtu. Nilipotaka kuweka cha pili cha mkewe kakataa, kasema sheria za kazi. Lakini cha kwanza kaondoka nacho.

Nimemwambia kila aliyepita mezani kwangu: huyo mpimaji mnayemwona ni wangu. Hata Wazambia nimewaambia. Hata dereva mmoja asiyejua Kiswahili nimemwonyesha kwa kidole. Atu hakunifinya.

Jumapili, 22 Juni

Kanisani nimekaa mbele.

Nyumbani kumetulia. Baba Atu kapiga simu, mahindi ni mazuri. Mchana Atu kapika yeye. Kapakua ugali. Kaniwekea maharage na samli ya Mama Minza juu yake, kafunika sufuria. Kakaa. Kaitazama sahani yangu, kainuka, kafunua sufuria, kaniongezea kijiko.

Nimekula chote.

Begi limerudi juu ya kabati.