Ile Bidoni Nilikuambia Nimeosha

Baba Feza, muzee wangu,

Nakuandikia kwa mukono wangu mwenyewe, na unajua hii mukono iliacha masomo darasa la tatu. Feza angeandika muzuri kuliko mimi, lakini haya maneno hayafai kupita kwa kalamu ya mutu mwingine. Toka juzi silali. Na wewe unalala tu kaburini pale Kashikishi, kimya, sawa vile ulikuwaka unanyamaza kila siku nikikukaripia.

Ngoja nikuelezee polepole. Wewe ni fundi, utataka kujua chombo kilianza kukataa namna gani.

Bashi Mwila, yule mwenye nyumba ya wageni hapa Nchelenge, alinunua pikipiki ya maji. Wewe hukuiona hiyo kitu. Mutu anaipanda sawa pikipiki, anakimbia juu ya ziwa bila kazi yoyote: hategi samaki, havushi mutu, habebi muhogo. Anazunguka, anarudi palepale alitoka, amelowana. Nilimuambia, "Kwetu mutu akizunguka hivyo, tunamupeleka kwa wachungaji wamuombee."

Alicheka, akaniita mama kwa lugha yao: "Bamayo, ni ya wageni. Inawafurahisha."

Bon. Hiyo furaha ikakataa kuwaka, akaivuta mpaka kwa Feza.

Ndiyo, kwa Feza. Binti yako ndiye fundi sasa. Anafungulia moteri za mashua palepale ulikuwaka unakaa, karibu na wanawake wanaoanika dagaa wa chisense, na mimi bado niko pembeni na mafuta yangu ya ngazi, haya mawese mekundu, napima kwa chupa, na mutoto wake mudogo mugongoni mwangu. Anajua kazi. Lakini wavuvi wengi wanamupita na moteri zao begani, wanaenda kwa wengine. Wanasema, "Baba yake alijiita fundi, akauawa na moteri yake mwenyewe. Mutoto atajua nini?"

Na nani aliwafundisha hayo maneno? Ni mimi, Baba Feza. Pale kwenye kilio chako, mwili wako bado ulikuwa ndani ya nyumba, nilisimama katikati ya watu nikapiga kelele: "Filita! Miaka yote namuambia asafishe filita! Uzembe ndiyo umemuua!" Wenzangu walikuwa wanalia, mimi nilikuwa na hasira. Niliona umenitupa katika inchi ya watu, mbali na kwetu Kongo, na mutoto mumoja. Wavuvi walikuona kwa mbali, njiani kuelekea kisiwa cha Kilwa cha hapa ziwani, unavuta kamba ya moteri, unavuta, unavuta, upepo unaamka, mpaka mawimbi yakakupindua. Nikasema fundi gani huyu. Na miaka nane sikubadilisha neno.

Sasa sikiliza.

Feza alihangaika na hiyo pikipiki siku mbili. Alitoa buji, ile inayopiga cheche: moto ulikuwa unapiga, lakini buji ilikuwa kavu, kavu kabisa, hata harufu ya esansi, ya petroli, hapana. Mimi nikamuambia kutoka kwa kiti changu, "Baba yako alisemaje? Fuata esansi toka nyumbani kwake mpaka pale inakufa." Akanitazama. Ni wewe ulikuwaka unasema hivyo, mimi nakupanguzia spana na kikwembe cha zamani, na nilijifanya sisikii.

Akaifuata. Alifungua kifuniko cha tangi kusikia kama inavuta pumzi, inapumua muzuri. Alimimina esansi katika chupa nyeupe, tukaingoja itulie, tuone kama maji yatashuka chini; maji hakuna. Alichomoa mupira wa kwenda kwa pampu: esansi inakuja. Pampu iko muzima. Akasimama pale, spana mukononi, anakuna kichwa.

"Unaogopa nini kufungua kabireta?" nikamuambia. "Ndani hamuna nyoka."

Akafungua. Ndani muna chujio kidogo, kama kile cha chai cha watu wenye pesa, unaweza kukifunika na kidole kimoja. Kilikuwa kimezibwa na kitu cheupe-chekundu, kizito, kimeganda. Unajua huu ni mwezi wa baridi. Asubuhi hata sabuni inakuwa jiwe.

"Mama, hii ni uchafu gani? Mimi sijaona ya rangi hii."

Nikaweka kidole. Nikasugua. Nikanusa, esansi tu. Nikaweka kwa ulimi, Feza akapiga kelele, "Mama, utajiua!" Nikatema. Chini ya ukali wa esansi kulikuwa na ngazi. Mimi mutu wa kuuza ngazi toka ujana, hauwezi kunidanganya.

Nikamuita Bashi Mwila alete bidoni, lile dumu alinunulia esansi. Akaleta ile ya njano, inayovuka ziwa na ngazi kutoka Kongo. Mudomo wake bado mwekundu.

"Lakini wauzaji waliosha, Bamayo, mukwai. Walisukutua na maji mbele yangu."

Hapo nikapanda hasira. Unanijua nikipanda. "Maji! Tangu lini ngazi inaogopa maji? Bidoni ya ngazi ni maji ya moto, na sabuni, na majivu, mara tatu, na hata hivyo usitie esansi! Ngazi inajificha kwenye kona, esansi inaiyeyusha, inaibeba mpaka ndani ya kabireta, halafu asubuhi ya baridi inaganda pale, na mutu yuko katikati ya..."

Mudomo wangu ukasimama. Baba Feza, mudomo wangu, ule ulisema haujui kusimama, ukasimama.

Ilikuwa mwezi huu huu wa baridi. Bidoni yako ilikuwa inavuja. Ulikuja kwangu asubuhi, ukaniomba moja yangu ya ngazi. Niliimwangia maji baridi, nikaitikisa mara mbili, nikaimwanga, nikakupa.

Ukauliza, "Mama Feza, umeiosha muzuri?"

Nami nikakujibu, "Mimi ninauzia watu chakula, na wewe unaniuliza kama ninaosha? Nenda zako!"

Ukacheka. "Basi, mama, nisamehe." Ukaibeba kwa bega, ukashuka kwenye maji.

Uliniomba mimi samahani kwa swali lililotosha kukuokoa.

Nilikaa chini kwenye mchanga. Feza alifikiri nimekunywa esansi kweli, akanimiminia maji kichwani. Nikamuambia yote, palepale, mbele ya Bashi Mwila aliyekuwa ameshika bidoni kama mutu ameshika mutoto wa wengine. Sikutafuta maneno mazuri. Nilisema, "Feza, ngazi iliyoua moteri ya baba yako ilikuwa yangu. Sikuosha. Nilimudanganya."

Feza hakulia. Alichukua kile kichujio, akakiosha na esansi safi, akapulizia, akatazama mwanga kupitia matundu yake. Halafu akasema bila kunitazama:

"Alisafisha filita, mama. Ile asubuhi. Mimi ndiye nilimushikia kopo. Nilikuambia siku ya kilio, ukaniambia nyamaza, mutoto hajui."

Ni kweli. Nilimuambia hivyo. Nilikuwa nimesahau, Baba Feza. Mutu anawezaje kusahau kitu kama hicho? Yeye miaka nane alijua kwamba wewe ulifanya kazi yako, na kila moteri iliyopita mbele yake kwenda kwa fundi mwingine, alinyamaza, juu mama yake ndiye alisema. Njo vile umemulea. Hiyo tabia ni yako, yangu hapana.

Akarudisha kabireta, akamwaga esansi yote ya tangi, akatia mupya. Akabonyeza. Ile kitu ikakohoa, ikakohoa tena, ikawaka, ikapiga kelele mpaka wanawake wa chisense wakatukana. Bashi Mwila akaruka, "Twatotela! Twatotela!" anatushukuru kama watu wamefufua maiti. Feza na mimi tulisimama tu. Ilikuwa inanguruma mbele yetu, muzuri kabisa, na hakuna aliyecheka.

Ulikuwa fundi muzuri. Filita yako ilikuwa safi. Sasa nimeandika, haiwezi kufutika. Lakini mutu anasafisha filita ya nini, kama muke wake ametia sumu ndani ya bidoni na kumuapia kwamba ni safi?

Juma Pili, baada ya ibada, nitaomba kusimama. Wale waliokuwa kwenye kilio wengi bado wako, na wale wavuvi wanaopita mbele ya mutoto wako wako vilevile. Nitasema kwa sauti ileile nilitumia siku ile, na haikuwa sauti ndogo. Feza ameniambia, "Mama, watakucheka, watakuita muuaji." Wacha waniite. Walikuita wewe muzembe, na haukuwa na mudomo wa kujibu. Mimi ninao.

Ila nilitaka wewe usikie kabla yao.

Na nikuonye, juu nakujua. Wewe ulikuwaka na haraka ya kusamehe, hata pale haukukosa ulikuwa unaomba wewe samahani. Safari hii usinikujie katika ndoto na ile cheko yako. Sitaki. Unikatalie kwanza. Ukae na hasira yako mpaka Juma Pili ipite, mpaka Feza aletewe moteri ya kwanza na mutu aliyekuwa anamupita. Baada ya hapo, kama bado unaitaka hii sura yangu, ukuje, nami sitakukaripia.

Ulale, muzee.

Mimi muke wako,
Mama Feza